Kabla hamjamlipa mtu: kuchagua mwalimu, fundi saundi na studio ya kwaya

Mi ni katibu wa kwaya, parokia moja huku pembezoni mwa Dar, mwaka wa saba huu nashika daftari, na humo ndani kuna mihutasari ya vikao ambayo ukiisoma leo unacheka, af ukikumbuka hela iliyotoka unaacha kucheka. Kuna spika mbili kubwa za harambee zilizoharibu zaidi ya zilivyosaidia. Kuna mpiga kinanda aliyehama na nyimbo zetu zote kwenye laptopu yake. Kuna chaneli ya YouTube yenye jina letu na sura zetu ambayo mpaka leo hatuna pasiwedi. Kwa hiyo watu wakinipigia "katibu, nyie fundi wenu nani, mlirekodia wapi", siku hizi sitoi namba kwanza, nawaambia fuateni hizi hatua, namba baadaye.

Na kuna swali moja nataka mlibebe kwenye kila hatua, mkikaa na mwalimu, mkikaa na fundi, mkikaa na mtu wa studio: ukiondoka kesho, sisi tunabaki na nini mkononi? Angalieni uso wake wakati anajibu.

Hatua ya 1: kabla ya simu yoyote, kakaeni benchi la mwisho

Malalamiko huwa yanakuja hivi, misa imeisha, mzee wa jumuiya anamkamata mwenyekiti mlangoni, "leo kwaya hamjasikika". Basi. Likifika kwenye kikao hilo neno linageuka "tunahitaji spika", na spika zikishatajwa hakuna anayerudi kumuuliza yule mzee alikuwa kakaa wapi na nini hasa hakukisikia. Maana "hamjasikika" ina mambo mengi ndani yake: inawezekana sauti ni ndogo kweli, inawezekana sauti ipo ila maneno yamevurugika, inawezekana kinanda na besi vimeimeza sauti ya kwanza, na inawezekana mmeimba flati tu, sauti imeshuka chini ya nota, mtu kaona aibu kuwaambia.

Fanyeni hivi. Jumapili tatu mfululizo, watu watatu wasiimbe, wakae na simu zao, mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja benchi la mwisho kabisa, warekodi wimbo wa mwanzo na wa komunio. Simu ya kawaida inatosha. Af siku ya mazoezi msikilize wote, kimya, bila mtu kujitetea (hapa ndo pagumu).

Sisi tulifanya hivyo tukiwa tumechelewa, spika tulishanunua. Tukagundua benchi la mwisho sauti ni kubwa tu, tena kubwa kuliko katikati, ila huelewi neno hata moja, unasikia aaa-ooo-aaa kama watu wanaimba ndani ya simtank. Kuta za plasta, tailizi chini, vioo pembeni, bati juu, sauti inagonga inarudi. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kanisa la urefu wa mita 34 inatumia sehemu ya kumi ya sekunde kufika nyuma na nyingine kama hiyo kurudi mbele, na huku kwaya ishaingia silabi inayofuata. Kanisa la namna hiyo ukiliongezea spika umeliongezea mwangwi, basi.

Mkishasikiliza, andikeni tatizo lenu kwa sentensi moja. Yetu ilikuwa "maneno hayaeleweki kuanzia benchi la kumi na mbili". Hiyo ndo mnampa fundi. Mkimwambia "tunataka saundi nzuri" atawauzia kilichopo stoo kwake, na wala si kosa lake.

Hatua ya 2: nani yuko ndani tayari

Hii ya haraka. Pitisheni karatasi mazoezini kila mtu aandike anachoweza nje ya kuimba. Kwetu alitokea kijana wa tena (sauti ya tatu) anayefanya kazi ya umeme, dada wa alto anayejua mambo ya kompyuta kuliko wale tuliokuwa tunawalipa kutuchapia nyimbo, na mama mmoja mhasibu aliyekuwa ananyamaza miaka yote kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Vitu vinavyowezekana ndani msivitafutie mtu wa nje, na vya nje mpeni mtu wa ndani wa kumsimamia, jina lake liandikwe.

Hatua ya 3: mwalimu na mpiga kinanda

Kwaya nyingi za parokia mwalimu ni wa kujitolea, anapewa nauli na posho kidogo, na hapo ndo panaanzaga utata, kwa sababu mtu wa kujitolea hamuwezi kumuuliza kwa nini hakuja Jumatano. Kama mnampa kitu, hata kama ni kidogo, semeni mapema ni cha nini: vipindi vingapi kwa wiki, misa zipi, harusi na misiba je, na kama mkialikwa nje nani analipa usafiri wake.

Kumpima msimwambie aje apige wimbo anaoujua, kila mtu ana wimbo wake wa kujionyeshea. Mpeni ukurasa mgeni, nyimbo mbili tatu ambazo hajawahi kuziona, af mwambieni afundishe sauti ya tatu kwa dakika ishirini. Mnaangalia vitu vidogo. Anasoma nota mwenyewe au anatafuta klipu kwenye simu asikilize? Hao wa tena wakikosea anawarudisha kwenye baa ileile (kile kipande kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota) au anaanza wimbo upya toka juu, mara ya tano, mpaka sauti ya kwanza wanasinzia? Anaandika do re mi ubaoni kwa wale ambao nota za mistari hawazijui? Yule tuliyenaye sasa alipokuja kwa majaribio alisimamisha wote kwenye baa ya 14, akawaambia besi pekee wavute sauti yao, af akawaita wa tena mmoja mmoja waingie juu yake. Dakika ishirini ziliisha hajamaliza hata ukurasa, ila ile baa haijawahi kutusumbua tena. Tukamchukua.

Mpiga kinanda naye ana mtihani wake. Mwambieni padri kaanza wimbo katikati ya misa kwa ufunguo anaoujua yeye, amfuate. Kuna wapigaji, na sio wachache, wanaojua ufunguo mmoja tu wa C, vyote vingine wanabonyeza kitufe cha transipozi, kile kinachohamisha ufunguo chenyewe. Sio dhambi, lakini mjue mnacholipia, maana siku akisahau kukirudisha kwenye sifuri mtaimba Utukufu huko juu mpaka mishipa ya shingo isimame. Sisi ilitukuta Jumapili ya kipaimara, askofu yupo.

Sasa swali letu la kubaki na nini. Kwa mwalimu jibu ni nyimbo. Kila wimbo anaouandika au kuupanga kwa ajili yenu, kopi ya PDF ibaki kwa katibu pamoja na faili lenyewe la programu. Watunzi wengi wa huku walizoea Finale, programu ya kuandikia nota, na kampuni yake ilitangaza Agosti 2024 kwamba inaiacha, haiendelezi tena. Laptopu ikifa na programu ikigoma kuingia kwenye mpya, nyimbo za miaka kumi zinabaki mafaili yasiyofunguka. Kwa hiyo kama mwalimu wenu yuko huko, wiki hii hii mkae naye atoe kila wimbo kwa MusicXML (aina ya faili ambalo programu nyingine za nota zinalisoma) na PDF. MuseScore ni ya bure na inafungua MusicXML, sio asilimia mia, maneno yanaweza kuhama hama chini ya nota, lakini kazi inaokoka.

Kama hela ipo kidogo na subira ipo, kuna njia nyingine naipenda zaidi: chagueni vijana wawili wa kwenu mkawasomeshe. TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, wanafundisha muziki, chuo cha Makumira kule Usa River nao. Wawili lakini, sio mmoja, mmoja anaolewa au anapata kazi Dodoma.

Hatua ya 4: fundi saundi

Hapa nitakaa, maana ndo tulipochomekea hela nyingi.

Fundi wa kweli akija kanisani kabla hajataja bei anapiga makofi. Simuoni fundi yeyote siku hizi bila kusubiri hilo kofi. Anasimama katikati, kanisa tupu, pa! moja, anasikiliza inavyoisha, anasogea, pa! tena. Af anauliza umeme unatoka wapi, nani anakaa kwenye miksa, na misa yenye watu wengi ni saa ngapi, kwa sababu kanisa likijaa watu na nguo zao mwangwi unapungua, kanisa tupu la Jumamosi na lililojaa la Jumapili ni makanisa mawili tofauti. Yule wa kwanza kwetu hakupiga kofi. Aliingia, akaangalia juu, akasema "hapa wati elfu mbili".

Muulizeni maiki za kwaya atazipanga vipi. Akisema kila mwimbaji ashike ya kwake, mshukuruni mumsindikize. Kwaya ya watu thelathini inahitaji maiki mbili hadi nne nzuri za kondensa (zile zinazosikia hata kwa mbali), za kusimama mbele, na ziachane: umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na mdomo. Mtu yuko nusu mita toka kwenye maiki yake, maiki ya jirani iwe mita moja na nusu. Zikibanana zinaanza kulana sauti, mnasikika kama mko kwenye bomba. Kondensa zinataka umeme wa 48V toka kwenye miksa, kuna kitufe chake, na nusu ya "maiki zimekufa" ninazoitiwa ni hicho kitufe hakijabonyezwa.

Ya msomaji na muongoza zaburi ni dainamiki ya kawaida, haihitaji hiyo 48V. Shure SM58 ipo toka 1966 na ndo imekopiwa kuliko zote, Kariakoo mtaonyeshwa boksi lenye nembo kabisa kwa bei ya mihogo, wenzetu wa Nairobi kule Luthuli vilevile. Mi siwezi kuitofautisha kwa macho. Ninachofanya nataka risiti ya EFD yenye jina la duka, na nataka kuijaribu kwenye miksa yangu, sio ya duka.

Spika zikae mbele ya kwaya, zikiwatazama waumini, zisiwe nyuma ya waimbaji. Ile milio ya wiiiii inayomfanya padri asimamishe mahubiri ni maiki inasikia spika yake yenyewe, inarudisha, inazunguka. Fundi wetu wa kwanza alizipandisha ukutani nyuma ya kwaya kwa sababu "zinapendeza pale", tukaishi na wiiiii mwaka mzima, dawa yake kila Jumapili ilikuwa kushusha sauti mpaka hatusikiki, tunarudi kulekule kwa mzee wa mlangoni. Wa pili hakuuza kitu. Alizishusha, akazileta mbele, akaziinamisha ziwaangalie watu badala ya ukuta wa nyuma, akatwambia tutafute mapazia mazito ya ule ukuta, akalipwa kazi ya siku moja akaondoka. Ile sentensi yetu ya benchi la kumi na mbili ikafika benchi la ishirini.

Waya. Mnunue chache nzuri kuliko nyingi za kukwama kwama. Kinanda kikitoka na jeki ya kawaida kwenda kwenye miksa iliyo mbali mtasikia mmm ya umeme chini ya nyimbo zote, umbali kama huo unataka DI (kiboksi cha kuunganisha kinanda na waya mrefu bila mmm) na waya wa XLR (ule wa maiki). Fundi akisema "hiyo mmm ni ya TANESCO" muombeni DI moja ajaribu mbele yenu. TANESCO wana makosa yao, hilo wakati mwingine sio lao, ingawa stabiliza kwa kweli msikose, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo kinanda ndo cha kwanza kwenda. Na adapta ya kinanda iandikwe kwa maka peni kubwa KINANDA, maana yetu iliwahi kubadilishana na ya redio ya katekista na ile siku sipendi kuisimulia.

Anabakisha nini? Fundi mzuri anabakisha watu. Mwekeni kwenye makubaliano afundishe vijana wawili, Jumapili nne, yeye amekaa pembeni mikono mfukoni, wao ndo wanashika. Abakishe kila waya una lebo ("ALTO", "MSOMAJI", "KINANDA KUSHOTO"), picha ya miksa ikiwa imepangwa vizuri ibandikwe ukutani, na utaratibu wa kuwasha na kuzima: miksa kwanza, spika na amplifaya mwisho, kuzima ni kinyume chake. Fundi ambaye hataki kufundisha, anayetaka aitwe kila Jumamosi kugeuza kitufe kimoja, huyo mmemuajiri bila kujua.

Msimu pia unahesabika. Matengenezo makubwa fanyeni Kwaresima, kinanda chenyewe kipindi kile ni cha kusindikiza sauti tu, ngoma zimepumzika, hakuna harusi, na mafundi wana nafasi. Mkisubiri Novemba, kwaya zote za Katoliki zinajiandaa na somo wa waimbaji, Mtakatifu Sesilia tarehe 22, af Noeli hiyo hapo, fundi hapokei simu na akipokea bei imepanda.

Hatua ya 5: kukodi au kununua

Pigeni hesabu tu. Tuseme seti ya nje mnakodi kwa laki tatu na mnaihitaji mara nne kwa mwaka, hiyo ni milioni moja na laki mbili. Ya kununua ni milioni nane. Miaka sita na zaidi ndo mnarudisha, na hapo hamjahesabu pa kuitunza, mlinzi, na ile kila parokia jirani kuja kuazima "mara moja tu". Za misa za kila wiki nunueni, za jubilei kodini. Mkikodi, bei iwe na fundi wake na usafiri ndani, muulize na jenereta ni ya nani.

Hatua ya 6: studio na mtu wa video

Hili ndo lenye machozi. Tulirekodi albamu ya nyimbo nane, studio moja nzuri tu, kijana mchangamfu, akatwambia na chaneli atatufungulia, tusihangaike. Akaifungua kwa barua pepe yake. Mwaka na nusu baadaye wimbo mmoja ukashika, watu wanautumia kwenye harusi, na sisi tukitaka kubadilisha hata picha ya juu inabidi tumpigie, af akabadilisha namba. Hatukuibiwa kwa maana ya kuibiwa, tuliandikisha shamba kwa jina la dereva wa trekta.

Kwa hiyo kabla ya studio, kwaya ifungue barua pepe yake. Namba ya simu ya kurejesha iwe ya laini ya kwaya, sio ya mwenyekiti, wenyeviti wanabadilika. Chaneli ifunguliwe kwa hiyo, mtu wa video apewe ruhusa ya mhariri (Editor) ili apandishe video, ambayo mnaweza kuifuta mkitaka. Akianza kuwapigia hesabu za hela za YouTube, mjue matangazo yanaanza kulipa mkifika wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na saa 4,000 sio mchezo kwa kwaya inayotoa video moja kwa mwaka.

Studio yenyewe, msisikilize kazi walizofanya za wasanii wa bongofleva, sikilizeni kwaya waliyorekodi. Kuna maprodyuza hodari kabisa ambao sauti nne hazijawahi kupita mikononi mwao, wanawaingiza kumi kumi kwenye kachumba, wanawanyoosha kwa kompyuta mpaka alto wote wanakuwa mtu mmoja. Muulizeni anaweza kuja na vifaa arekodi kanisani, usiku, feni zimezimwa. Sisi wimbo wetu bora tulirekodi saa nne usiku, na ukisikiliza vizuri kwenye pumziko la ubeti wa pili kuna chura nje. Hatukumtoa.

Malipo yagaweni: sehemu mkianza, sehemu mkisikia miksi ya kwanza, iliyobaki siku mnapokabidhiwa mafaili. Sio siku ya uzinduzi, siku ya mafaili. Na mafaili maana yake kila sauti na kila ala peke yake kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), miksi iliyokamilika, toleo la ala bila sauti (mtalihitaji siku kinanda kimegoma kwenye mwaliko), na video zote mbichi kwenye hadidiski yenu. Mkipewa MP3 kwenye WhatsApp hamjakabidhiwa kitu.

Na watunzi. Wimbo kuimbwa misani kila siku hakuufanyi kuwa wenu. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na kuutafsiri au kuupanga upya nako kunataka ruhusa. Jamani ni simu moja tu, nyimbo zetu hizi za parokiani mtunzi kaandika jina na namba chini ya ukurasa, mpigieni, mwambieni mnataka kurekodi, mkubaliane, akubali kwa maandishi hata kwa meseji, muihifadhi. Wengi wanafurahi tu kutafutwa. Nyimbo zenu wenyewe zisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina sahihi la mtunzi, sio "kwaya" tu kama mtunzi yupo na anaonekana.

Hatua ya 7: karatasi

Yote haya yaandikwe ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida: kazi gani, bei gani, lini, nini kinabaki kwetu, na tukiachana tunaachanaje. Kama ni ndugu wa mwenyekiti basi ukurasa uwe na nusu zaidi. Paroko aione kabla ya saini, vyombo viko kwenye kanisa lake na ndiye mtakayemkimbilia. Mtu yeyote mpya mpeni mwezi mmoja wa majaribio, na siku moja Jumamosi jioni mpigieni mwambie maiki ya msomaji haitoi sauti. Hata kama inatoa. Mnataka kujua kama anapokea.

Na pasiwedi, kopi za mikataba, ile hadidiski, visikae kwa mtu mmoja. Sisi kopi moja iko kwangu, moja ofisi ya parokia, ya tatu iko kwa mama mmoja wa alto, kabatini, ndani ya bakuli la udongo chini ya vikombe vya wageni. Yangu nimeshaipoteza mara mbili, ya ofisini haijulikani iko faili gani. Tunakwenda kwa mama.